Michezo ya miamba jangwani kwa anayeanza: uliza kwanza habari za maji

Mleta uzi

Siku niliyopaswa kupanda mwamba wa jangwani kwa mara ya kwanza maishani iliishia chini ya mwamba wenyewe, kabla sijavaa hata viatu vya kupandia. Jua lilikuwa linawaka, mbingu hazina wingu, na ukuta wa jiwe mchanga uliokuwa mbele yetu ulikuwa mkavu kiasi kwamba ukiupapasa, kiganja kinabaki na vumbi jekundu. Kiongozi wetu hakuutazama ukuta. Alichutama, akafukua mchanga wa chini yake kwa mkono hadi kina cha kiganja, akachota konzi moja na kuifumba. Alipofumbua mkono, mchanga ulikuwa umeshikana kama unga uliotiwa maji, nao ulikuwa na rangi nzito kuliko ule wa juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia jana yake. Akasema leo hatupandi, na mimi niliyesafiri siku nzima kwa ajili ya asubuhi ile nilikasirika waziwazi, wala sikuficha. Ndipo alipotafuta kishikio kidogo usawa wa kiuno, ukubwa wa kidole gumba, akakivuta kwa vidole viwili tu. Kilikatika kama biskuti.

Nimeleta uzi huu kwa sababu maswali ya watu wanaotaka kujaribu michezo ya miamba wakiwa safarini jangwani huwa karibu yote ni ya urefu, woga na nguvu za mikono. Maswali hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, baada ya safari kadhaa nimekuja kuamini kwamba jangwani, mahali ambapo mtu hategemei kabisa, swali la kwanza ni la maji: yalinyesha lini, yananyesha wapi sasa hivi, yametuama wapi, na wewe umebeba kiasi gani. Nitaeleza mchezo mmoja baada ya mwingine, ingawa sitaipa yote urefu sawa.

Miamba ya jangwani si ya namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi. Jiwe mchanga, ambalo ndilo linalojenga kuta za Wadi Rum nchini Yordani, za Red Rock Canyon katika jimbo la Nevada na za makorongo mengi ya Utah nchini Marekani, ni chembe za mchanga zilizogandamizwa na kushikanishwa na gundi ya asili, ambayo inaweza kuwa udongo wa mfinyanzi, chokaa, silika au oksidi za chuma. Gundi hiyo, hasa ikiwa ya udongo wa mfinyanzi, ikilowa hulegea, na mwamba uliobeba uzito wa mtu juzi huweza kumeguka leo. Uso wake hukauka upesi kwa jua na upepo huku ndani ukiwa bado umelowa, ndiyo maana kuutazama tu hakukusaidii. Kule Red Rock Canyon wapandaji huombwa wasubiri kati ya saa 24 na 72 baada ya mvua, na mvua ikiwa kubwa au ukuta ukiwa kivulini, muda huongezeka. Mimi nilidhani hatari ni kuteleza. Hatari hasa ni kishikio kubaki mkononi mwako ukiwa hewani, pamoja na vifaa vya usalama vilivyopachikwa katika nyufa kung'oka, kwa kuwa navyo vinategemea jiwe lilelile. Tena kishikio kilichomeguka hakirudi. Njia iliyopandwa kwa miaka mingi huweza kuharibiwa na asubuhi moja ya mtu asiye na subira.

Graniti ina tabia nyingine. Katika hifadhi ya Joshua Tree huko California, au kwenye Spitzkoppe nchini Namibia, ambayo kilele chake kina mita 1,728, mwamba ni fuwele zilizofumana, na mvua ikikatika na uso ukakauka unaweza kupanda siku hiyohiyo. Kinachoumia hapo ni ngozi. Fuwele zile hukwaruza kama tupa, na anayejifunza kukaza viganja na ngumi ndani ya ufa hurudi na migongo ya mikono iliyochubuka. Jambo ambalo wanaoanza huchelewa kuliamini ni kwamba miguu ndiyo inayopanda. Kwenye miteremko ya graniti isiyo na vishikio, kinachokusimamisha ni soli ya mpira na msuguano mtupu. Ukiulalia mwamba na kuukumbatia kwa hofu, uzito unaondoka kwenye soli, na hapo ndipo unapoteleza.

Anayetaka kuonja mchezo bila kamba aanze na majabali mafupi, ya mita tatu au nne, akiwa na viatu vya kupandia, poda ya chaki, godoro la kuangukia na mwenzake wa kumwelekeza aangukie godoroni. Ajue tu kwamba kila anguko hapa linafika chini, hivyo vifundo vya miguu huumia kirahisi, na kwamba njia ya kushukia huchunguzwa kabla ya kupanda. Hueco Tanks huko Texas, ambako ndiko ilikozaliwa mizani ya ugumu wa majabali inayotumia herufi V, imepata jina lake kutokana na mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta watu pale kwa maelfu ya miaka, nao wakaacha michoro miambani. Kwa ajili ya kuilinda, idadi ya wageni imewekewa ukomo, na sehemu kubwa ya eneo huingiwa kwa kuongozana na kiongozi tu. Popote mtakapokuta vidimbwi vya namna hiyo, msitie mikono yenye mafuta ya kukinga jua. Humo huishi viumbe wadogo jamii ya uduvi, ambao mayai yao huweza kukaa makavu kwa miaka yakingoja mvua.

Makorongo membamba ndiyo yaliyonifanya niandike kwa urefu. Korongo la namna hii huchongwa na mafuriko yenyewe: maji yenye mchanga na mawe hupita kwa nguvu katika ufa, yakaupanua kidogo kidogo, hadi ukabaki uchochoro wenye kuta za makumi ya mita, ambao mahali pengine mtu hupita ubavuubavu. Ni mahali pazuri mno. Lakini mtu akisimama mle akatazama juu, mara nyingi ataona gogo limekwama kati ya kuta mbili, mita nyingi juu ya kichwa chake, jangwani ambako pengine hajaona mti mmoja mkubwa tangu asubuhi. Gogo hilo halikubebwa na mtu. Ndiko maji yalikofika.

Mteremko wangu wa kwanza wa kamba ulikuwa wa mita 20 hivi, kuingia katika korongo kama hilo. Pagumu si katikati, ni pale ukingoni, ambapo unatakiwa kuegemea nyuma kwenye utupu mpaka nyayo zako zikanyage ukuta sawasawa, jambo ambalo mwili wote unalikataa. Mkono wa chini ndio breki, nao hauachii kamba kwa sababu yoyote, hata nzi akitua puani. Nilikuwa nimejitanda kitambaa shingoni kwa ajili ya jua. Kiongozi alinirudisha nikivue, akaniambia kitambaa au nywele zikimezwa na kifaa cha kushukia, mtu huning'inia pale bila kwenda juu wala chini. Nilipofika chini nilikigusa kile kifaa kwa kidole, nikakitoa haraka. Msuguano wa kamba yenye mchanga ulikuwa umekipasha moto, na mchanga huohuo ndio unaochimba mifereji katika chuma chake na kuila kamba nyuzi kwa nyuzi.

Kisha kiongozi alivuta kamba, ikashuka yote na kuanguka miguuni petu. Naomba hapa msome taratibu. Ukishavuta kamba ya mteremko wa kwanza hakuna kurudi ulikotoka. Njia iliyobaki ni kumaliza korongo lote, hata kama ni saa sita za kutembea, kuogelea na kushuka tena. Kwa hiyo uamuzi kuhusu maji hufanywa juu, kabla ya kamba kuvutwa. Na si maji ya mafuriko peke yake. Yako maji yaliyotuama mle, ambayo jua haliyafikii, yenye baridi ya kumtetemesha mtu ambaye nusu saa iliyopita alikuwa anatokwa jasho, na yako mashimo ya duara yenye kuta laini ambayo maji yake yakipungua, mtu aliyetumbukia hawezi kutoka bila kusukumwa na wenzake. Kiongozi mzuri huuliza walioshuka hivi karibuni maji yako kiwango gani, na jibu ndilo linaloamua kama mtavaa nguo za kuogelea za mpira au la.

Kuhusu njia za vyuma ukutani, zinazoitwa via ferrata na zilizopata umaarufu katika milima ya Dolomiti nchini Italia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sina mengi. Unajifunga kwenye waya kwa mikia miwili, yaani kamba fupi zenye karabina (pete za chuma za kufungua na kufunga) na kifaa cha kupunguza mshtuko, na kila unapovuka nanga, yaani chuma kinachoushika waya mwambani, unahamisha mmoja huku mwingine ukiwa umefungwa. Mikia ya kujitengenezea kwa kamba za kawaida haifai hata kidogo, kwa kuwa anayeanguka huteleza kwenye waya hadi nanga ya chini, na mshtuko wake ni mkubwa kuliko ule wa anguko la kawaida la mpandaji. Jangwani vaa glavu, maana vyuma huchoma kufikia saa tano asubuhi. Radi ikinguruma, usiwe juu ya waya.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana, mleta uzi. Mimi nina siku mbili tu, sijawahi kuvaa mkanda wa kupandia, na kusema kweli naogopa urefu. Nianze na lipi? Pia nina rafiki aliyefanya mazoezi ya kupanda kwenye ukuta wa ndani kwa mwaka mzima, naye anasema anaweza kunisimamia bila kukodi kiongozi.

Mleta uzi

Kwa hali yako ningeanza na kupanda kwa kamba iliyokwisha kupitishwa kwenye nanga ya juu, nusu siku ya asubuhi, upande wa ukuta wenye kivuli. Kamba hiyo inakushika toka juu, kwa hiyo ukiteleza unashuka kidogo tu. Panda mita tatu, kisha mwombe mshika kamba akushushe, urudie tena mita tano. Wengi wanaosema wanaogopa urefu huwa hawajaamini kamba bado, na kamba huaminiwa kwa kuikalia mara nyingi karibu na ardhi. Korongo liache siku ya pili, na liwe lile lenye miteremko mifupi.

Rafiki yako anajua mambo ya maana: fundo lenye umbo la namba nane, kushika kamba, kukaguana kabla ya kupanda. Hayo ni yaleyale ndani na nje. Ambayo ukuta wa ndani haumfundishi ni kusoma mwamba wenyewe, kutengeneza nanga, kuona kwamba kamba inasuguana na ukingo, na kujua kipi kimeoza. Jangwani utakuta mikanda ya nailoni iliyoachwa kwenye nanga na waliotangulia, imepauka rangi. Jua limeila, na inaweza kukatika ingawa inaonekana nzima. Avae helmeti pia. Kwenye ukuta wa ndani hakuna mbuzi wala mpandaji wa juu wa kuangusha jiwe.

Kuhusu viongozi, Wadi Rum ni mfano ninaoupenda. Mabeduini wa pale walikuwa wakipanda ile milima kuwinda mbuzi mwitu muda mrefu kabla ya wageni kufika na kamba zao, na wapandaji kutoka Uingereza, akiwemo Tony Howard, walipoanza kuichunguza mwaka 1984, walikuta njia ndefu ambazo tayari zilikuwa za wenyeji. Njia hizo hazionekani ngumu ukiangalia kwa chini, lakini kuipata ya kushukia bila mtu anayeijua ni kazi ya kukesha. Eneo hilo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011. Unapokodi kiongozi popote, muulize mvua ya mwisho ilinyesha lini. Akijibu kwamba huku hakunyeshi, tafuta mwingine.

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima zote, mleta uzi, naona unawatisha watu. Nimeshuka makorongo mara nane, mara zote mbingu zikiwa safi, na sijawahi kuona hata tone. Ukiona wingu unaahirisha, usipoliona unaingia. Wanaotoa vibali vya kuingia makorongoni nao si wanaangalia hali ya hewa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nafurahi kwamba mara nane zote umetoka salama, na sisemi watu wasiende. Ninachopinga ni hiyo kanuni ya kutazama mbingu za juu ya kichwa chako. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walifariki katika sehemu ya chini ya Antelope Canyon, Arizona. Pale walipokuwa mvua ilikuwa ndogo mno. Dhoruba ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa juu ya mkondo, na maji yakateremka korongoni. Ardhi ya jangwani yenye mwamba mtupu hainywi maji kama shamba. Mvua ya muda mfupi juu ya eneo kubwa hukusanyika yote na kupita katika uchochoro wa mita moja, kwa hiyo eneo la kuulizia utabiri wa hali ya hewa ni lote linalomwaga maji yake katika korongo lako, hata kama ni mbali na macho yako.

Kuhusu vibali, tarehe 14 Septemba 2015 watu saba waliingia Keyhole Canyon katika hifadhi ya Zion, Utah, wakiwa na kibali. Mafuriko ya ghafla yaliwaua wote saba. Kibali huonyesha kwamba jina lako limeandikwa na idadi ya watu haijazidi. Uamuzi wa kuingia au kutoingia saa ile unabaki kuwa wa kikundi. Kama umewahi kusimama ukingoni na wenzako watano waliosafiri mbali, unajua jinsi ilivyo vigumu kuwa yule mmoja anayesema turudi. Ndiyo maana sisi hukubaliana tangu usiku uliotangulia kwamba mtu mmoja akikataa, wote wanarudi, na haulizwi sababu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi, naomba niongeze kidogo kuhusu maji ya kunywa, kwa kuwa mleta uzi ameyataja mwanzoni halafu akayaruka. Hifadhi ya Joshua Tree huwashauri wageni wabebe angalau galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita nne, na mara mbili yake kwa wanaofanya shughuli nzito. Kiasi hicho ni uzito wa kilo nne hadi nane mgongoni, nao lazima uingie katika hesabu ya nani anabeba kamba. Lakini wapo wanaokunywa maji matupu lita baada ya lita bila kula chochote, wakitokwa jasho lenye chumvi siku nzima, mpaka chumvi ya damu ikashuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ambazo hufanana na za joto, na mtu akiongezewa maji matupu anazidi kuumia. Kunyweni mnaposikia kiu, kuleni vitu vyenye chumvi, bebeni pakiti za chumvi za kurejesha maji mwilini. Mtu akianza kuongea asiyoyajua huku mwili ukiwa wa moto sana, hicho ni kiharusi cha joto: mwekeni kivulini, mpozeni kwa maji na upepo papo hapo, na ombeni msaada wakati mnaendelea kumpoza.

Mleta uzi

Nashukuru, dada au kaka muuguzi. Niliyaruka kweli, na umeyaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Mchangiaji wa kwanza

Nimewaelewa. Swali la mwisho: simu haitakuwa na mtandao huko. Inatosha kwamba tuko wawili na kiongozi?

Mleta uzi

Haitoshi. Aron Ralston alikwenda Blue John Canyon, Utah, mwezi Aprili mwaka 2003 bila kumweleza mtu anakokwenda; jiwe likamnasa mkono wa kulia, akakaa zaidi ya siku tano hadi alipojikata mwenyewe mkono ili atoke. Alikuwa mzoefu. Andika jina la korongo au la mwamba, saa mtakayorudi na saa ambayo msaada uitwe kama hamjaonekana, umwachie mtu mnayelala kwake. Ukirudi, mwambie umerudi, maana wengine husahau na watu wakatoka usiku kuwatafuta.

Na usipange siku mbili tupu, ongeza ya tatu. Ile asubuhi niliyoianzia uzi tuliitumia kutembea juu ya changarawe tu, tukikwepa ule udongo mweusi wenye vinundu, ambao ni ukoko hai na alama ya kiatu hukaa humo kwa miaka. Kesho yake vilevile hatukupanda. Siku ya tatu kiongozi alichutama palepale, akafukua, akachota konzi na kuufumbua mkono. Mchanga ulichuruzika wote katikati ya vidole vyake. Akanirushia mkanda, akaniambia nifunge fundo langu mwenyewe, yeye alikague.